Mikono ya hakimu ikifungwa

Waandishi wa habari za mahakamani wanaijua dakika hii. Mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha ameshatiwa hatiani. Askari magereza amesogea hatua moja. Hakimu anamuuliza kama ana la kusema kabla ya kusomewa adhabu, naye anasema lile ambalo karibu kila mtu husema: anaomba mahakama imhurumie, ni kosa lake la kwanza, ana mke na watoto wadogo, mama yake ni mzee na anamtegemea. Hakimu anayaandika yote. Kisha anasema amemsikia, ila mikono yake imefungwa: sheria imetaja miaka 30, na hana ruhusa ya kushuka hata mwezi mmoja.

Sasa aliulizwa ya nini?

Swali hilo limebeba ugomvi wa miaka mingi kati ya Bunge linaloandika sheria na mahakama inayoisoma. Bunge likiona mahakimu wanawahurumia mno wezi, wabakaji au wala rushwa, huweka adhabu ya lazima au kiwango cha chini kisichovukwa. Wanasheria huita kinachoondolewa hapo "hiari ya mahakama". Mtaani tungesema busara. Wengi wetu tunaamini kwamba ikishaondolewa imekwisha, na kilichobaki ni kazi ya kusoma kifungu kwa sauti. Mimi nadhani tunajidanganya. Ukimnyang'anya hakimu hiari, haijatoka katika kesi. Umempa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo hakai mahali pa wazi wala haandiki sababu zake.

Tuanze na maneno yenyewe, maana adhabu kubwa hubebwa na maneno madogo. Kanuni za Adhabu za Kenya, Uganda na Tanganyika zililetwa na Waingereza mwaka 1930, na ukoo wao unafika hadi Queensland, Australia, kwenye kanuni iliyotungwa na Samuel Griffith na kupitishwa mwaka 1899. Zilikuja na maagizo kwamba zisomwe kwa taratibu za tafsiri za Uingereza. Kwa hiyo mtu aliyeua Bukoba au Kisumu alipimwa kwa maana ya maneno iliyokwisha kukatwa London.

Katika kanuni ya Tanzania, kwa hesabu ya vifungu tuliyoizoea, kifungu cha 197 kinasema aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia "atahukumiwa" kifo. Kifungu cha 198 kinasema aliyeua bila kukusudia "atastahili" kifungo cha maisha. Msomaji wa Kiswahili akisoma maneno hayo mawili huenda asione tofauti. Akiambiwa mtu anastahili kifungo cha maisha, ataona mambo yamekwisha. Kisheria ni mbingu na ardhi. La kwanza ni amri. La pili ni dari tu: hakimu anaweza kupanda hadi maisha, anaweza kutoa miaka mitatu, anaweza hata kumwachia mtu kwa masharti akalale kwake usiku huo huo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kuliamua hilo mwaka 1967 katika kesi ya Opoya iliyotoka Uganda: sheria ikisema mkosaji "anastahili" kufa, mahakama haijalazimishwa kumuua. Neno hilo moja liliacha mlango wazi, na penye mlango wazi mahakama iliruhusiwa kutumia akili.

Hata amri nayo si amri siku zote. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, kifungu cha 53, inasema wazi kwamba neno la Kiingereza "may" linatoa hiari na "shall" linaamuru. Ungedhani hapo hakuna ubishi. Lakini katika rufani namba 118 ya mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba "shall" iliyomo ndani ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si ya kushikwa kichwa kichwa: kama utaratibu ulikosewa lakini haki haikupotea, kesi haianguki. Amri ya Bunge ikageuka kuwa amri yenye "lakini". Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, tunaongeza tabaka jingine, maana kiambishi chetu cha -ta- kinabeba mambo mawili kwa pamoja: kinatabiri na kinaamuru. "Atahukumiwa" ni habari au ni agizo? Watafsiri wa sheria wana kazi ngumu kuliko wengi wanavyofikiri, na kila chaguo lao huenda likawa miaka ya mtu gerezani.

Rudi kwenye 197 na 198. Katikati ya vifungu hivyo viwili pana lango moja linaloitwa nia ovu. Ikithibitishwa, jaji hana la kufanya isipokuwa kutamka kitanzi, labda kama mkosaji alikuwa chini ya miaka 18 au ni mjamzito. Isipothibitishwa, jaji huyo huyo ana uhuru mpana kuliko karibu wote uliomo katika sheria ya jinai. Ni nani basi anayelinda lango? Ni jaji mwenyewe, kwa sababu nia haina picha. Hakuna shahidi aliyewahi kuiona.

Mahakama ya Rufani ilijaribu kuipa mwili katika rufani namba 150 ya mwaka 1994. Ikasema muuaji hatangazi nia yake kwa kawaida, hivyo itafutwe katika mambo saba: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyotamka kabla, wakati wa tukio au baada yake, na mwenendo wake kabla na baada ya kuua. Uamuzi huo sasa unanukuliwa karibu katika kila hukumu ya mauaji.

Ni orodha nzuri. Lakini itazame kwa karibu. Watu wawili wamegombana kilabuni kwa ajili ya bili ya pombe. Mmoja anaokota mchi na kumpiga mwenzake mara moja kichwani, kisha anakimbia. Silaha ni nzito, kichwa ni sehemu ya hatari, na amekimbia: nia ovu. Au: silaha aliikuta pale pale, pigo ni moja, ugomvi ulikuwa wa ghafla, alikimbia kwa sababu ya woga: hapana nia ovu. Majaji wawili waadilifu, wenye ushahidi ule ule mezani, wanaweza kufika pande mbili na wote wakaandika hukumu isiyo na kasoro. Jaji anayeona moyoni kwamba mtu huyu hastahili kitanzi hawezi kuligusa neno "atahukumiwa", ila anaweza kulitazama pigo lile moja kwa jicho jingine. Simaanishi anadanganya. Namaanisha kwamba uzito wa adhabu unaifikia tafsiri ya kosa, na jaji asiyeusikia uzito huo sijui kama ningetaka anihukumu.

Jambo hili lina umri. Kanuni zetu zinasema ghadhabu ya ghafla inaweza kushusha kosa kutoka kuua kwa kukusudia, na ghadhabu hiyo inapimwa kwa mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Mwaka 1941, katika kesi iliyotoka Uganda, mahakama ya rufani ilikubali kwamba mtu aliyemkuta jirani anatambaa uchi usiku katika boma lake, naye akiamini kwa dhati kwamba huo ni uchawi unaotendeka mbele ya macho yake, alipandwa na hasira ambayo sheria inaitambua. Mwaka 1951 mahakama ile ile ilimkatalia mwingine aliyemuua mganga aliyekuwa akimtishia. Huyo, ikasema, aliua kwa hofu, na hofu siyo ghadhabu. Mstari kati ya hofu na hasira ulichorwa na watu waliovaa mawigi ambao hawajawahi kulala katika nyumba yenye hofu ya namna hiyo. Mmoja alinusurika, mwingine hakunusurika.

Kenya inatupa mfano wa neno dogo zaidi: "au". Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatoa kifo kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu ikiwa mnyang'anyi alikuwa na silaha ya hatari, au alikuwa na mwenzake, au alimpiga ama kumjeruhi mtu. Katika miaka ya 1990 Mahakama ya Rufani ya Kenya ililisoma hilo "au" kama lilivyo: moja tu kati ya hayo matatu linatosha. Vijana wawili wasio na hata wembe, wakimsukuma mama na kuondoka na mkoba wake, wameingia humo. Kifungu cha jirani kinazungumzia unyang'anyi wa kawaida wenye kifungo cha miaka. Ni nani anayeamua vijana wale washtakiwe kwa kipi? Siyo hakimu. Ni anayeandaa hati ya mashtaka.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana ndipo hiari nyingi ilipohamia bila sisi kupiga kelele. Tanzania, kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kimeorodhesha makosa yasiyo na dhamana, yakiwemo mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Mei 2020 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Matokeo yake unayajua kama umewahi kuwa na ndugu mahabusu. Mtu akishtakiwa kwa wizi, hakimu anapima dhamana. Maneno "utakatishaji fedha" yakiongezwa chini ya shtaka lile lile, hakimu hana cha kupima. Dhamana haikunyimwa na mahakama. Ilinyimwa na aya moja iliyochapwa ofisini. Na tangu mwaka 2019, sheria ilipoleta makubaliano ya kukiri kosa, Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kukaa na mshtakiwa huyo mezani na kulibadilisha shtaka. Sisemi ofisi hiyo ina nia mbaya. Nasema uamuzi uliokuwa ukifanyika mbele ya umma, ukiandikwa na kukatiwa rufani, sasa hufanyika katika chumba kisicho na viti vya wasikilizaji.

Bunge nalo lina hoja yake, na si ndogo. Mwaka 1963 Tanganyika ilitunga Sheria ya Adhabu za Chini kwa ajili ya wezi wa mali ya umma na wala rushwa: miaka miwili na viboko 24, nusu vya kuingia na nusu vya kutoka. Mtaani ukabaki utani kwamba vya kutoka ni vya kwenda kumwonyesha mkeo. Lakini hata sheria ile kali iliacha ufa: kama ni kosa la kwanza, mali haizidi shilingi 100, na pana "mazingira maalumu", hakimu aliruhusiwa kushuka. Miaka iliyofuata majaji walikesha wakibishana juu ya maneno hayo mawili. Umaskini ni mazingira maalumu? Ujana je? Kurudisha kilichoibwa? Sheria iliyotungwa kuzima hiari ikazaa ubishi mpya juu ya hiari.

Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyopiganiwa na vyama vya wanawake, chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kikiwa mstari wa mbele, na wakiwa na haki ya kuipigania. Wabakaji walikuwa wakipewa adhabu za mzaha. Sheria ikaweka miaka 30 kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima, na maisha kwa aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Siwezi kuwalaumu waliochoshwa na hiari ya wanaume waliovaa majoho. Mwathirika aliyemsikia hakimu akimwonea huruma aliyemharibu hahitaji insha yangu juu ya uzuri wa busara.

Ila soma kifungu cha 130 kilivyoandikwa mwaka ule. Kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, akubali asikubali, isipokuwa kama ni mke wake mwenye miaka 15 au zaidi na hawajatengana. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 mwenye mpenzi wa miaka 17 anakutana na miaka 30, bila hakimu kuruhusiwa kuuliza lolote juu ya umri wao kukaribiana. Mwanamume wa miaka 50 aliyemwoa binti wa miaka 15 hakutani na kifungu hicho kabisa. Bunge liliamua mambo yote mawili mapema, kwa kesi zote, bila kuwaona watu wenyewe. Hapo hakimu aliyefungwa mikono hamlindi mtoto zaidi ya hakimu aliyefunguliwa.

Mahakama zilianza lini kukataa kufungwa mikono? Uganda ilitangulia. Katika kesi ya Kigula, watu 417 waliokuwa wakisubiri kunyongwa walikwenda mahakamani, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba kifo cha lazima kinavunja Katiba. Kifo kilibaki katika vitabu, lakini kama adhabu ya juu kabisa ambayo jaji anaipima. Kenya, Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 2010 ikiwa Mombasa, ikajikana mwaka 2013 ikiwa na majaji watano, hadi Mahakama ya Juu ilipomaliza ubishi tarehe 14 Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu. Hoja iliyobeba uamuzi ule ni ile ya dakika tuliyoanza nayo: kumsikiliza mtu akiomba apunguziwe, huku huwezi kumpunguzia, si kumsikiliza.

Kilichofuata Kenya ni vurugu, na anayependa hiari kama mimi analazimika kukiri hivyo. Mahakama za chini zilichukua Muruatetu zikaipeleka kwenye unyang'anyi, kwenye unajisi wa watoto, kwenye kila kifungu chenye neno la lazima. Wafungwa kwa maelfu wakaomba adhabu zao zipimwe upya. Kosa lile lile likapata miaka tofauti kutegemea limeangukia meza ya nani. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo kwamba ilizungumzia mauaji peke yake. Tarehe 12 Julai 2024 ikaenda mbele zaidi: katika kesi ya unajisi ambayo Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshusha kifungo kutoka miaka 20 hadi 15, ikairudisha miaka 20 na kusema viwango vya chini vya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ni halali hadi Bunge au kesi iliyofuata njia sahihi iseme vingine. Waliolia kwamba mahakama imerudi nyuma wana lao. Lakini hiari isiyo na mwongozo, wala sababu zilizoandikwa zikasomeka, ni bahati nasibu, na mwathirika naye ameshika tiketi.

Tanzania ilifika mlangoni mapema kuliko wote. Mwaka 1994, akiwa Dodoma, Jaji James Mwalusanya alitamka katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo yenyewe inavunja Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikamgeuza, kwa namna ambayo bado inanishangaza kila ninapoisoma. Ilikubaliana naye kwamba kunyonga ni adhabu ya kikatili na inayomdhalilisha mtu, jambo ambalo ibara ya 13(6) inalikataza kwa Kiswahili chepesi kabisa. Halafu ikasema ibara ya 30(2) inaliruhusu kwa maslahi ya umma. Ni ukatili, lakini ni ukatili halali. Huo nao ni uchaguzi wa kutafsiri: mahakama mbili zinazosoma Katiba moja, moja ikianzia ibara ya 13, nyingine ikimalizia ya 30.

Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha hapa hapa, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kifo cha lazima kinavunja haki ya kuishi kwa kuwa kinamnyima jaji nafasi ya kumtazama mkosaji. Iliiagiza Tanzania iiondoe amri hiyo katika sheria. Siku saba kabla, Tanzania ilikuwa imewasilisha hati ya kujitoa kwenye tamko linalowaruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Kwa hiyo jaji wa Mahakama Kuu anaendelea kutamka maneno yale yale. Na bado, tangu katikati ya miaka ya 1990, hakuna aliyenyongwa. Ipo hiari inayowazuia watu hao wasifike kwenye kitanzi, na sote tunajua iliko. Septemba 2017, siku alipomwapisha Jaji Mkuu Profesa Ibrahim Juma, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba yeye hatasaini hati ya kumnyonga mtu. Hakuna wakili aliyemhoji kwa sababu zipi, na kwa nani angebadili mawazo.

Hapo ndipo hiari ilipohamia. Jaji aliyekaa wiki kadhaa akiwasikiliza mashahidi, akamwona mshtakiwa akitetemeka kizimbani na mama wa marehemu akilia, haruhusiwi kupima kama mtu huyu afe au aishi. Anayepima ni mtu mmoja Ikulu, ambaye hakumsikia shahidi hata mmoja.